Mtihani wa TSI huku Texas: maswali ambayo wazazi wetu huuliza kila mwaka

Kila mwaka hali ni ile ile. Mtoto anarudi nyumbani na karatasi iliyokunjamana kwenye begi, au simu ya mama inaingia ujumbe kutoka shuleni: mwanao atafanya TSI wiki ijayo. Nyumba nzima inaanza kupiga simu kwa jamaa waliotangulia kufika Marekani. Mmoja anasema ni mtihani wa kuingia chuo, mwingine anasema ni wa kujaribia tu, puuzeni.

Nimekalia kiti cha mkalimani kwenye mikutano mingi ya wazazi na walimu, na majibu hayo mawili nimeyasikia hadi nimechoka. Yote mawili yanapotosha. Haya hapa ni maswali yanayorudi, pamoja na majibu niliyozoea kutoa. Yanahusu Texas, maana kila jimbo lina utaratibu wake. Wanaoishi majimbo mengine nimewawekea neno karibu na mwisho.

TSI ni kitu gani hasa?

Ni kifupi cha Texas Success Initiative, mpango wa jimbo ulioanza 2003 badala ya mpango wa zamani ulioitwa TASP. Kazi yake ni kujua kama mwanafunzi anayeingia chuo cha umma ataweza kulimudu darasa la kwanza la chuo, la Kiingereza na la hesabu, bila kuzama. Mtihani unaotumika sasa unaitwa TSIA2. Ulianza Januari 2021, umetengenezwa na College Board, wale wale wenye SAT, mtihani wa wanaoomba nafasi vyuoni, na unafanywa kwenye kompyuta.

Mimi huwaambia wazazi kwamba ni mtihani wa kupangia darasa. Fundi cherehani anapokupima kiuno hana nia ya kukufukuza dukani. Anataka kujua akate kitambaa wapi. Ila ukimdanganya kwa kubana tumbo, au ukienda kupimwa umevaa makoti matatu, suruali utakayopewa utaijutia.

Akifeli, ndoto ya chuo imekwisha?

Hapana. Sheria ya Texas inakataza chuo kutumia matokeo ya mtihani huu kama sharti la kumkubali mwanafunzi. Kukubaliwa chuoni kuna njia yake, na TSI ina njia yake.

Hofu hii nadhani tumekuja nayo kutoka nyumbani. Aliyesoma Tanzania anakumbuka matokeo ya kidato cha nne, aliyesoma Kenya anakumbuka KCSE. Na aliyesoma Kongo hawezi kusahau Exetat: waliofaulu wanamwagiwa poda kichwani, mtaa mzima unaimba, na aliyeanguka anajifungia ndani. Mtu aliyekulia kwenye mitihani ya aina hiyo akisikia neno "mtihani", moyo unamwenda mbio. Hapa hakuna poda na hakuna kujifungia. Mtoto akipata alama ndogo leo, anaweza kuurudia.

Basi kama haumzuii mtu, kwa nini tusumbuke?

Kwa sababu ya pesa na muda. Wanaosema "puuzeni" ndipo wanapowaumiza watoto wa wenzao.

Mwanafunzi asiyefikisha kiwango hupangiwa kozi za kujazia msingi. Kozi hizo zinalipiwa kama kozi nyingine, zinakula saa za wiki kama kozi nyingine, lakini krediti zake hazihesabiwi kwenye shahada. Zamani mtu aliweza kukaa mwaka mzima, hata zaidi, akipanda ngazi za hesabu moja baada ya nyingine kabla hajagusa somo la chuo hata moja. Wengi walichoka njiani wakaenda kufanya kazi ghalani au kwenye kiwanda cha nyama, na hawakurudi.

Tangu sheria ya HB 2223 ya 2017, vyuo vya Texas vimelazimika kubadili mtindo huo. Sasa wengi wa wasiofikisha kiwango huwekwa kwenye kozi pacha: wanasoma somo la chuo lenye krediti, na muhula huo huo wanachukua saa za ziada za msaada kwa somo lile lile. Ni nafuu kubwa. Lakini saa za ziada bado zina ada, na kijana anayefanya kazi usiku ili asaidie kodi ya nyumba anazihisi mwilini.

Halafu kuna msaada wa serikali kuu wa masomo. Ruzuku ya Pell ina kikomo cha mihula 12 ya masomo kamili kwa maisha yote ya mtu, na msaada wa serikali kuu haugharimii zaidi ya krediti 30 za kozi za kujazia msingi. Muhula alioutumia kwa kozi ambayo angeweza kuikwepa kwa wiki tatu za kujiandaa hataurudishiwa.

Nani analazimika kuufanya, na nani amesamehewa?

Kwa kawaida yeyote anayeingia chuo cha umma cha Texas kusomea shahada anatakiwa aoneshe utayari wake. Lakini TSIA2 ni njia mojawapo tu ya kuuonesha, na hapo ndipo familia nyingi hupoteza muda bure, kwa kumpeleka mtoto kwenye mtihani ambao tayari amesamehewa.

Ana alama za SAT? Akiwa na 480 kwenye kusoma na kuandika, ameachiliwa upande wa Kiingereza. Akiwa na 530 kwenye hesabu, ameachiliwa upande wa hesabu. Pande hizi hazitegemeani. Anaweza kusamehewa mmoja na kuufanyia mtihani mwingine tu. Kwa ACT, mtihani mwenzake wa SAT, iliyofanywa baada ya katikati ya Februari 2023, kinachoangaliwa ni jumla ya 40 kwa Kiingereza na kusoma, na 22 kwa hesabu. Alama za SAT na ACT zinatumika kwa miaka mitano.

Kuna pia kozi ya maandalizi ya chuo inayofundishwa mwaka wa mwisho wa sekondari, iliyotokana na sheria ya HB 5 ya 2013. Akiifaulu, anasamehewa somo hilo kwa miezi 24 tangu amalize sekondari. Ila soma maandishi madogo hapa: msamaha huo unafungamana na chuo kilichoingia makubaliano na wilaya ya shule yake. Kijana akisoma kozi hiyo halafu akaamua kuhamia mji mwingine kwa shangazi yake, huenda chuo cha huko kisiutambue. Uliza kabla ya kufunga mizigo.

Wengine wanaosamehewa ni wanajeshi walio kazini na baadhi ya waliostaafu jeshi, watu wenye shahada tayari, na wanaosomea cheti kifupi cha ufundi kisichozidi krediti 42. Hili la mwisho naliweka wazi kwa sababu vijana wetu wengi wanataka kuchomelea vyuma, kutengeneza viyoyozi au kusomea usaidizi wa tabibu, na hakuna anayewaambia kwamba mtihani huu huenda hauwahusu.

Mtoto yuko darasa la 10 tu. Kwa nini shule inamfanyisha mapema hivyo?

Kuna sababu mbili. Moja ni ya mtoto: akitaka kusoma kozi za krediti mbili, yaani somo moja linalohesabiwa sekondari na chuoni kwa pamoja, anatakiwa kwanza aoneshe kwamba yuko tayari, na TSIA2 ni njia inayotumika sana.

Ya pili ni ya shule yenyewe, na sioni sababu ya kuificha. Jimbo huzipima shule kwa kipimo kinachoitwa CCMR, yaani utayari kwa chuo, kazi na jeshi, na mwanafunzi aliyefikisha viwango vya TSI kwa Kiingereza na hesabu anaihesabia shule alama. Tangu sheria ya HB 3 ya 2019 kuna hata fedha za nyongeza kwa wilaya zinazofanya vizuri kwenye kipimo hicho. Kwa hiyo mwalimu akimsukuma mwanao kurudia mtihani mara ya tatu, usidhani anamchukia. Shule inapata, na mtoto anapata. Ni nadra mambo hayo mawili kwenda pamoja, basi tumieni nafasi.

Ndani ya mtihani kuna nini?

Sehemu mbili: hesabu, na Kiingereza cha kusoma na kuandika.

Hesabu inaanza na maswali 20. Yamegawanyika katika hesabu za maisha ya kila siku (asilimia, uwiano, viwango), aljebra, jiometria, na takwimu pamoja na uwezekano. Akishindwa kufikisha kiwango kwa maswali hayo 20, kompyuta inamfungulia moja kwa moja sehemu ya pili ya uchunguzi yenye maswali 48, ili ijulikane anajua nini na hajui nini. Kiingereza kina maswali 30, nusu ya kusoma na nusu ya kurekebisha maandishi, na nako kuna uchunguzi wa maswali 48 kwa asiyefikisha. Halafu inakuja insha, ambayo nitaieleza peke yake.

Watoto hawaambiwi mapema kuhusu hayo maswali 48. Kijana anamaliza 20, anadhani amemaliza, mara anaona mengine yanamiminika. Wapo wanaokasirika na kuanza kubofya ovyo ili waende nyumbani. Mwambie mwanao kabla hajaenda: ikifunguka sehemu ya pili, hiyo ni nafasi ya pili ya kufaulu siku hiyo hiyo. Akiipuuza, ameitupa kwa mikono yake.

Alama zinasomwaje?

Sehemu ya kwanza ina alama kati ya 910 na 990. Msishangae mtu kuambiwa amepata 930 na bado hajafikisha. Hii si asilimia. Hesabu inataka 950. Akipata chini ya hapo, bado anafaulu kama uchunguzi utampa daraja la 6, ambalo ndilo la juu kabisa.

Kiingereza kinataka 945 pamoja na insha yenye alama 5 au zaidi kati ya 8. Akipungukiwa na 945, anaweza kufaulu kwa daraja la 5 au 6 la uchunguzi, lakini insha ya alama 5 haina mbadala. Nimewaona vijana wenye 960 ya kusoma wakirudi kurudia kwa sababu ya insha ya alama 4 tu.

Ni kweli hakuna muda?

Ni kweli, saa haihesabu. Anayehitaji dakika kumi kwa swali moja anazipata. Ila kituo kina saa zake za kufunga, kwa hiyo apange kwenda asubuhi, ameshiba, na asiwe na zamu ya kazi mchana huo.

Jambo jingine: maswali hubadilika kufuatana na anavyojibu. Akipata, linalofuata linakuwa gumu zaidi; akikosa, linakuwa jepesi. Kwa hiyo mtoto anayetoka akilalamika kwamba mtihani ulikuwa mgumu mno huenda alikuwa anafanya vizuri. Na hawezi kuliruka swali wala kurudi nyuma kulirekebisha. Wale tuliofundishwa "anza na maswali mepesi, magumu utarudi" inabidi tuusahau ushauri huo na tusiwarithishe watoto.

Mwanangu alikuwa wa kwanza kwa hesabu kule kambi ya wakimbizi ya Nyarugusu. Huku anapata chini. Amekuwa mjinga?

Hajawa mjinga. Swali hili naliulizwa na akina mama karibu kila mwezi.

Mtoto aliyesoma kwa mtaala wa Kongo au Burundi kambini amejifunza hesabu kwa Kifaransa, na kuelezwa kwa Kiswahili. Anaujua mteremko wa mstari, anaujua wastani, anaijua pembe mraba. Asichokijua ni jina la Kiingereza la kitu hicho. Anakaa mbele ya kompyuta anasoma swali ambalo angelifanya usingizini, na halitambui.

Halafu kuna mambo madogo yanayoua. Kwa mtindo wa Kifaransa, tatu na nusu huandikwa 3,5. Huku ni 3.5, na mkato unatenganisha maelfu: 3,500 ni elfu tatu na mia tano. Mtoto ambaye hajaambiwa hili anakosa maswali manne akiwa na akili timamu. Vipimo navyo ni vya ajabu: futi, inchi, maili, galoni, paundi. Futi moja ina inchi 12, yadi moja ina futi 3, na hakuna kumi kumi ya kumsaidia mtu aliyezoea mita.

Mpe mfano wa dukani. Viatu vya dola 50 vimepunguzwa kwa asilimia 20, halafu kuna kodi ya asilimia 8. Utalipa ngapi? Akisema 43.20, hesabu anaijua. Sasa mwandikie swali hilo hilo kwa Kiingereza uone. Akikwama hapo, ugonjwa umeuona, na dawa yake ni orodha ya maneno, wala haina haja ya kumrudisha kwenye aljebra upya. Nimemwona binti mmoja akikaa na daftari la maneno 150 ya hesabu kwa mwezi mmoja, safu tatu: Kifaransa, Kiswahili, Kiingereza. Aliporudia mtihani alivuka 950. Aljebra yake haikuwa imebadilika hata kidogo.

Insha inatakaje?

Anapewa kifungu kifupi na swali, kisha anaandika maneno 300 hadi 600 akieleza msimamo wake. Anayeisahihisha ni kompyuta, na inaangalia mambo sita: kama lengo liko wazi, mpangilio, hoja na mifano, sentensi zenye sura tofauti, sarufi na tahajia, na kina cha fikra. Hakuna programu ya kumrekebishia tahajia. Akiandika mistari mitano tu au akitoka nje ya mada, insha haipewi alama kabisa.

Tatizo la vijana wetu mara nyingi liko kwenye mpangilio kuliko sarufi. Kwetu, kuingia moja kwa moja kwenye hoja ni kukosa adabu. Mtu anabisha hodi kwanza, anasalimia, anaweka methali, anasimulia kisa cha babu yake, na hoja anaiacha ichomoze mwishoni kama jua la masika. Mzee akisoma insha ya namna hiyo anatikisa kichwa kwa furaha. Kompyuta ya TSIA2 haimjui babu. Inatafuta msimamo kwenye aya ya kwanza, sababu moja kwenye kila aya inayofuata, na mfano wa kila sababu.

Kwa hiyo zoezi ninalopendekeza ni fupi. Mpe mtoto swali la ubishi, kwa mfano kama simu zipigwe marufuku shuleni. Kabla ya kuandika aseme sentensi moja: "Naona hivi, kwa sababu hii na hii." Sentensi hiyo iwe ndani ya aya ya kwanza. Afanye hivyo mara nane au tisa kwa maswali tofauti, hata kama hamalizi insha nzima. Babu atasimuliwa siku nyingine.

Amefika Marekani mwaka juzi, Kiingereza bado kinamsumbua. Afanye nini?

Chuo kinaweza kumpa mwanafunzi wa aina hii msamaha wa muda ili kwanza asome kozi za Kiingereza kwa wageni. Msamaha huo unakoma akishafikisha krediti 15 za kozi hizo, au kabla ya kuingia kwenye masomo ya mwaka wa kwanza ya chuo, lolote litakalotangulia.

Wapo vijana wenye haya wasiotaka kuitwa "wa Kiingereza kwa wageni", hasa wakiwa wamekaa na wenzao waliozaliwa huku. Wazazi, zungumzeni nao. Na msikimbilie upande wa pili pia: kijana aliyekaa miaka minne hapa, anayeongea Kiingereza kuliko Kiswahili, asiwekwe huko kwa sababu tu jina lake ni la kigeni. Nimeona likitokea. Mzazi ana haki ya kuuliza uamuzi huo umetegemea nini.

Anaweza kurudia mara ngapi?

Jimbo halijaweka kikomo, ila kituo au chuo kinaweza kuwa na masharti yake, kwa mfano siku za kusubiri au ada ya kurudia. Anarudia sehemu aliyoikosa tu. Kurudia kesho yake bila kusoma chochote ni kupoteza mafuta ya gari. Akipokea matokeo, ripoti ya uchunguzi inaonesha ni eneo gani lilimwangusha. Karatasi hiyo wengi huitupa, nayo ndiyo ramani.

Tujiandae vipi bila pesa?

College Board inatoa mazoezi ya bure mtandaoni, yenye maswali yanayofanana na ya mtihani na maelezo ya majibu. Maktaba za umma zina kompyuta, na nyingi zina watu wa kumsaidia mwanafunzi baada ya shule. Vituo vya mitihani vya vyuo vya jamii navyo mara nyingi vina karatasi za mazoezi ukiomba. Msimlipe mtu mamia ya dola anayedai ana "maswali yenyewe". Maswali yanabadilika kwa kila mtu kufuatana na anavyojibu, kwa hiyo anachouza ni hewa.

Kabla ya kufanya mtihani kwa mara ya kwanza, kila mwanafunzi lazima apitie shughuli ya maelezo inayoeleza mtihani ni wa nini, una maswali ya mfano, na itakuwaje asipofikisha. Watoto huibofya haraka haraka kama masharti ya programu ya simu. Akae nayo kwa utulivu.

Siku yenyewe abebe nini?

Kitambulisho chenye picha. Kikokotoo chake akiache nyumbani. Maswali yanayoruhusu kikokotoo yana chake kwenye skrini. Karatasi ya kukokotolea atapewa. Simu inabaki nje.

Mtoto ana ulemavu au mpango maalumu shuleni. Atasaidiwa?

Ndiyo, lakini lazima kuomba kabla, kwenye kituo husika, pamoja na hati. Msaada anaopewa darasani hauhamii kwenye mtihani wenyewe bila kuombwa. Mfanye hivyo wiki kadhaa mapema.

Kozi za krediti mbili zinalipiwa?

Inategemea wilaya na chuo. Lakini tangu sheria ya HB 8 ya 2023 kuna mpango unaoitwa FAST: mwanafunzi wa familia yenye kipato kidogo, kwa mfano anayestahili chakula cha bure au cha nafuu shuleni, anasoma kozi hizo bila malipo kwenye vyuo vilivyojiunga. Familia nyingi za wakimbizi zinastahili, na hazijui. Fomu ya chakula cha shule ambayo baba hataki kuijaza kwa sababu "sisi si ombaomba" inafungua zaidi ya sahani ya mchana.

Mimi mzazi nilisoma chuo kikuu Lubumbashi. Nikitaka kurudi darasani, nami nifanye TSI?

Usikate tiketi ya mtihani kwanza. Mwenye shahada husamehewa, kwa hiyo peleka vyeti vyako vilivyotafsiriwa na kutathminiwa kwenye ofisi ya chuo unachokitaka, waamue. Nimemjua mwalimu wa fizikia aliyefanya mtihani wa asilimia na uwiano kwa sababu hakuna aliyemuuliza alisoma nini. Alifaulu, lakini alirudi nyumbani kimya.

Hatuishi Texas. Haya yanatuhusu?

Kwa sehemu. Majimbo mengi vyuo vyake hutumia Accuplacer, ndugu wa karibu wa TSIA2. Lakini kwingine mitihani hii imewekwa pembeni. California ilipitisha AB 705 mwaka 2017, na vyuo vyake vya jamii sasa vinaangalia matokeo ya sekondari badala ya mtihani. Florida tangu 2013 imewaruhusu wengi wa waliomaliza sekondari za umma za jimbo hilo kuingia masomo ya chuo bila kulazimishwa mtihani wala kozi za kujazia.

Chanzo kimojawapo cha mabadiliko hayo ni utafiti wa Chuo Kikuu cha Columbia wa 2012. Ulionesha kwamba mitihani ya kupangia darasa ilikuwa inakosea vibaya kwa karibu mwanafunzi mmoja kati ya wanne kwa hesabu, na mmoja kati ya watatu kwa Kiingereza. Wengi wa waliowekwa kozi za kujazia wangeweza kufaulu somo la chuo wakiachwa waingie moja kwa moja. Mimi nasimama upande wa watafiti hao: maksi za miaka minne zinamsema mtoto kuliko asubuhi moja mbele ya skrini. Lakini kwa mtoto anayeishi Texas, jimbo bado linautumia mtihani huu.

Niulize nini nikienda shuleni?

Nenda kwa mshauri wa wanafunzi, na uombe mkalimani; shule inapaswa kukupatia bila malipo, usimtumie mtoto kukutafsiria mambo yake mwenyewe. Uliza: Je, mwanangu tayari amesamehewa upande wowote? Shule ina kozi ya maandalizi ya chuo, na imefungamana na chuo gani? Naomba nakala ya ripoti ya uchunguzi. Anastahili FAST? Akikosa, tarehe ya kurudia ni lini, na atarudia hapa hapa shuleni au kwenye kituo cha kulipia?

Andika majibu kwenye karatasi pamoja na jina la aliyekujibu na tarehe. Matokeo ya TSIA2 yanatumika kwa miaka mitano, na washauri wa shule huhama mapema kuliko hapo.